Kuendesha Taa za Nyumbani kwa Sauti: Majina Kwanza, Balbu Baadaye

Anayenunua balbu janja kwa mara ya kwanza huwa na haraka ya kuipachika kwenye holda na kuiamuru iwake. Haraka hiyo ndiyo inayowarudisha wengi kwenye swichi ya ukutani kabla mwezi haujaisha, kwa sababu msaidizi wa sauti, yaani programu inayosikiliza amri zako na kuzitekeleza, haoni balbu wala hajui chumba kilivyo. Anachokijua ni orodha ya majina uliyoyaandika kwenye programu ya simu. Ukimtajia jina asilokuwa nalo, au jina linalokaribiana na jingine, ataomba radhi kwa upole au atawasha taa ya chumba kingine. Kwa hiyo, ingawa mwongozo huu unaanzia kwenye uchaguzi wa vifaa na kuishia kwenye jaribio la mwisho, sehemu ninayomsihi msomaji asiiruke ni ile ya majina na makundi.

Njia inayopitwa na amri

Spika yenye msaidizi wa sauti husikiliza muda wote, lakini inachokitafuta ndani yake yenyewe ni neno la kuamsha tu, kama vile "Alexa" kwa spika za Amazon, "Hey Google" kwa za Google au "Siri" kwa za Apple. Ikishalisikia neno hilo, hurekodi maneno yanayofuata na kwa kawaida huyapeleka kwenye seva za kampuni kupitia intaneti, ambako sauti hugeuzwa kuwa maandishi, maandishi hutafutiwa maana, na jina la taa hulinganishwa na orodha iliyomo kwenye akaunti yako. Kutoka hapo amri huenda kwenye seva za mtengenezaji wa balbu, nazo huirudisha nyumbani kwako, ikapita kwenye ruta na kuifikia balbu iliyo mita mbili tu kutoka ulipoketi. Mara nyingi mzunguko wote huo humalizika ndani ya sekunde moja au mbili, na ndiyo maana ni rahisi kusahau kwamba upo.

Kuujua mzunguko huu kuna faida moja kubwa, nayo ni kutambua tatizo liko wapi. Ikiwa taa inatii programu ya mtengenezaji wake lakini haiitii sauti, balbu yako ni nzima na kasoro iko kwenye muungano wa akaunti au kwenye jina. Ikiwa haitii hata programu hiyo, usihangaike na spika. Tazama umeme na Wi-Fi kwanza.

Kiwango cha Matter, yaani kanuni za pamoja zinazowezesha vifaa vya kampuni tofauti kuelewana, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2022 chini ya muungano wa kampuni uitwao Connectivity Standards Alliance, kimefupisha safari hiyo. Balbu yenye alama ya Matter huamriwa moja kwa moja ndani ya mtandao wa nyumbani bila kupitia seva za aliyeitengeneza, na inaweza kuunganishwa na wasaidizi zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, hata mmoja akitumia simu ya Apple na mwingine simu ya Android katika nyumba hiyo hiyo. Kama ndiyo kwanza unaanza kununua, ningeshauri uitafute alama hiyo kwenye boksi kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Balbu, swichi au plagi

Njia za kuifanya taa iwe janja ni tatu. Ya kwanza ni kubadilisha balbu yenyewe, na hii inamfaa mpangaji au mtu asiyetaka kugusa nyaya, kwa kuwa anachokifanya ni kutoa balbu ya zamani na kuweka mpya. Hakikisha kitako kinalingana na holda yako: E27 ni kile cha kuzungusha kama skrubu, B22 ni kile cha pini mbili za pembeni, na GU10 hutumika kwenye taa ndogo za darini. Usiangalie wati peke yake, kwa sababu balbu ya LED yenye wati 8 au 9 inaweza kutoa takriban lumeni 800, mwanga uliokuwa ukitolewa na balbu ya zamani ya wati 60. Angalia pia kipimo cha kelvini, kwani 2700 ni mwanga wa manjano wa jioni na 6500 ni mweupe wenye ubaridi. Balbu inayoweza kuhama kati ya viwango hivyo viwili itakufaa zaidi kuliko ile yenye rangi milioni 16, ambazo wengi wetu huzichezea siku mbili na kuziacha.

Njia ya pili ni kubadilisha swichi ya ukutani, na hii ina maana pale ambapo swichi moja inawasha balbu nyingi kwa pamoja. Hapa pana jambo la kuuliza kabla ya kulipa. Swichi janja huhitaji umeme wake yenyewe hata taa ikiwa imezimwa, kwa hiyo nyingi zinataka waya wa nyutro, yaani ule unaorudisha umeme, ndani ya kisanduku cha swichi, ilhali katika nyumba nyingi, hasa za zamani, kisanduku hicho kina waya wa moto unaoingia na ule unaokwenda kwenye taa tu. Zipo swichi zisizohitaji nyutro, lakini hupitisha umeme kidogo kwenye balbu muda wote, na balbu za LED zenye wati chache zinaweza kumetameta au kubaki na mwanga hafifu usiku kucha. Mwite fundi umeme afungue kisanduku na kukuambia kilichomo, na umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla mtu yeyote hajagusa waya.

Njia ya tatu ni plagi janja, inayofaa taa za mezani na za kusimama. Taa yenyewe iachwe ikiwa imewashwa kwenye swichi yake, kisha plagi ndiyo iwe inakata na kurudisha umeme.

Jambo ambalo halifai ni kuchanganya. Balbu janja haitakiwi kuwekwa chini ya dima, yaani swichi ya kupunguza mwanga, kwa sababu zote mbili zitagombania kazi moja na balbu itapiga kelele, itacheza mwanga au itakufa mapema. Vilevile balbu janja chini ya swichi janja ni fedha iliyotumika mara mbili, maana swichi ikikata umeme, balbu inapoteza mawasiliano na hakuna sauti itakayoifikia.

Kuhusu mawasiliano, balbu za Wi-Fi huunganishwa na ruta moja kwa moja na zinatosha kwa nyumba yenye taa chache. Ukipanga kuwa na taa ishirini au thelathini, afadhali mfumo wa Zigbee au Thread, yaani mitandao ya redio iliyo kando ya Wi-Fi, ambamo kila balbu hupokea ujumbe na kuupitisha kwa jirani yake, na ruta hubaki na mzigo mdogo. Philips Hue, iliyoingia sokoni mwaka 2012, inajulikana zaidi kwa mtindo huo wa Zigbee. Kuna kisanduku cha katikati kinachochomekwa kwenye ruta, na taa zote hupitia humo.

Kuiunganisha balbu ya kwanza

Anza na balbu moja tu. Kabla ya kuipachika, piga picha ya msimbo wa QR au wa tarakimu uliochapishwa kwenye balbu au kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, na uihifadhi picha hiyo mahali utakapoipata mwakani. Balbu za Matter hutambulishwa kwa msimbo huo, na siku utakapohitaji kuiunganisha upya hutapenda kupanda ngazi ukiwa na tochi ili kusoma herufi ndogo kwenye shingo ya balbu yenye moto.

Ukishaipachika, washa swichi ya ukutani na kuiacha hapo. Balbu mpya kwa kawaida humweka mara kadhaa kuonyesha kwamba inasubiri kuunganishwa. Isipomweka, izime na kuiwasha mara tatu hadi tano mfululizo, kila mara kwa nafasi ya sekunde moja hivi, kwa idadi iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Fungua programu ya mtengenezaji, au programu ya msaidizi wako ikiwa balbu ni ya Matter, chagua kuongeza kifaa, kisha fuata maelekezo hadi itakapokuomba nywila ya Wi-Fi.

Hapa ndipo wengi hukwama. Balbu nyingi za Wi-Fi hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee, ilhali ruta za siku hizi hurusha gigahezi 2.4 na 5 kwa jina moja, na simu yako inaweza kuwa imejishikiza kwenye ile ya 5. Simu inaona mtandao, balbu haiuoni, na programu inaishia kuzungusha kile kiduara chake. Suluhisho ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuizima gigahezi 5 kwa dakika kumi, au kuyapa masafa hayo majina mawili tofauti, au kama ruta inaruhusu, kufungua mtandao wa wageni wa gigahezi 2.4 na kuzihamishia taa zote humo. Njia hiyo ya mwisho naipenda zaidi, kwa kuwa inavitenga vifaa hivi na kompyuta yenye kazi zako. Ila hakikisha kwanza kwamba spika yako inaweza kuzifikia taa zikiwa huko, kwa sababu balbu za Matter zinataka kuwa mtandao mmoja na kifaa kinachoziongoza.

Balbu ikishatii simu, iunganishe na msaidizi. Kwa balbu isiyo ya Matter, fungua programu ya Alexa, ya Google Home au nyingineyo, tafuta jina la mtengenezaji kwenye orodha ya huduma, ingia kwa akaunti uliyoifungua kwa mtengenezaji huyo, kisha ruhusu vifaa vitafutwe. Anayetumia Apple ataongeza balbu kwenye programu ya nyumba ya Apple, na atahitaji spika ya HomePod au kisanduku cha Apple TV ikiwa anataka ratiba zifanye kazi au kuamuru taa akiwa nje ya nyumba.

Majina na makundi

Sasa weka simu chini na uchukue karatasi. Chora vyumba vyako, andika taa zilizomo katika kila kimoja, kisha jiulize watu wa nyumba hiyo huziitaje. Hilo swali ni zito kuliko linavyoonekana. Programu itakuwa imeipa balbu jina la kiwandani lenye herufi na tarakimu, na kishawishi kitakuwa kuiita taa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Lakini hakuna mtu anayesimama mlangoni mwa chumba akakumbuka kwamba taa ya dirishani ni ya tatu.

Kila jina liwe fupi, lenye sauti iliyo mbali na majina mengine, na lisirudiwe popote. Kundi la chumba na balbu iliyomo ndani yake visiitwe jina moja, la sivyo msaidizi atauliza unakusudia kipi, na swali hilo saa tano usiku linaudhi. Usitumie jina la rangi, kwa sababu ukiwa na taa inayoitwa kwa jina la bluu, msaidizi hatajua kama unaitaja taa au unataka mwanga ubadilike uwe wa bluu. Usitumie pia neno ambalo ni jina la wimbo unaopendwa nyumbani, kwani siku moja badala ya giza utaletewa muziki.

Taa yenye balbu tatu au nne kwenye kishikizo kimoja ihesabiwe kuwa taa moja. Ziweke balbu zote ndani ya kundi lenye jina zuri, na balbu mojamoja uzipe majina ambayo hakuna atakayeyatamka kwa bahati mbaya.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalijui: iingize spika yenyewe ndani ya chumba ilichomo. Katika programu ya Alexa utaongeza spika kwenye kundi la chumba pamoja na taa zake, na katika Google Home utaiwekea spika chumba chake. Kuanzia hapo, ukisema tu "turn off the lights" bila kutaja mahali, zitazimika taa za chumba ulichomo peke yake. Mabadiliko hayo ya dakika moja huondoa nusu ya majina ambayo ungelazimika kuyakumbuka, na kwa maoni yangu ndiyo yanayoamua kama familia itautumia mfumo au itauacha.

Ukibadilisha jina, libadilishe kwenye programu ya msaidizi, kisha rudi baada ya muda kidogo kuangalia kama jina la zamani halijabaki. Balbu iliyoondolewa na kuunganishwa upya mara nyingi huacha kivuli chake kwenye orodha, kimeandikwa kwamba hakipatikani, na amri yako huenda ikawa inapelekwa kwa kivuli hicho. Kifute.

Msaidizi asiyejua Kiswahili

Alexa na Siri hazina Kiswahili miongoni mwa lugha zinazoamriwa, na kabla ya kununua spika ya kampuni yoyote ni vyema kusoma orodha ya lugha zake. Hivyo wengi wetu tunatoa amri kwa Kiingereza ndani ya nyumba inayozungumza Kiswahili, na hilo linaleta tatizo ambalo miongozo ya Kiingereza haiwezi kuliona. Msaidizi aliyewekwa kwenye Kiingereza hujaribu kulivisha kila analosikia maneno ya Kiingereza. Niliwahi kuiita taa "Sebule", nikaiamuru mara nne bila mafanikio, kisha nikafungua historia ya sauti kwenye programu na kukuta nimeandikiwa maneno matatu ya Kiingereza yasiyo na uhusiano wowote, kila jaribio kwa namna yake.

Historia hiyo ndiyo dawa. Wasaidizi kama Alexa na wa Google huhifadhi maandishi ya kile walichodhani umekisema, isipokuwa kama umezima uhifadhi. Tamka jina unalolitaka mara tano kwa sauti yako ya kawaida, mwombe na mwenzako alitamke, kisha fungua historia na usome. Kama mara zote limeandikwa vilevile, hata kama tahajia ni ya ajabu, una jina linalofaa. Liandike hivyo hivyo lilivyosikika. Kama kila mara limeandikwa tofauti, liache.

Zipo pia njia za mkato. Maneno ya Kiswahili yaliyokwisha kuingia kwenye Kiingereza, kama "safari" na "simba", hutambuliwa bila shida, na taa ya watoto ikiitwa Simba itatii tangu siku ya kwanza. Kwa vyumba, majina ya Kiingereza ya kawaida kama "bedroom" na "kitchen" yana faida ya ziada, kwani msaidizi anayajua kuwa ni vyumba. Na pale unapotaka sentensi nzima ya Kiswahili, tumia ratiba inayoanzishwa kwa maneno uliyoyaandika mwenyewe: weka kwenye kisanduku cha maneno ya kuanzia kile ambacho historia imeonyesha kwamba husikika unaposema "lala salama", na kitendo kiwe kuzima taa zote isipokuwa ya ushoroba.

Matoleo mapya ya wasaidizi, kama Alexa+ iliyotangazwa Februari 2025 na Gemini ya Google, yanaelewa sentensi zilizolegea zaidi na hayahitaji amri ya kukariri. Hata hivyo nayo yanafanya kazi juu ya orodha ile ile ya majina.

Anayetaka Kiswahili chenyewe, na ambaye haogopi kazi, aitazame Home Assistant, programu huria iliyoanza mwaka 2013 na inayoweza kuendeshwa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. Humo unaweza kuandika sentensi zako mwenyewe na kuamua kila moja ifanye nini. Kuamuru kwa kuandika ni rahisi. Kuamuru kwa sauti kunahitaji programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, kwa mfano Whisper iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ambayo Kiswahili kimo kati ya lugha zake. Itakuhitaji kompyuta yenye nguvu zaidi na jioni kadhaa za subira.

Amri zinazofaa na ratiba

Amri za msingi ni chache. "Turn on" na "turn off" pamoja na jina zinatosha kwa kuwasha na kuzima, "set" ikifuatwa na jina na asilimia hupanga ukali wa mwanga, "dim" hupunguza, na "warm white" huleta mwanga wa manjano. Taja kitendo, kisha jina, kisha kiwango, bila kusita katikati, maana ukinyamaza kidogo msaidizi hudhani umemaliza. Unaweza pia kuagiza taa izimike baada ya muda, kwa mfano "turn off the bedroom lights in ten minutes", amri ambayo mimi huitumia kuliko nyingine zote kwa sababu inaniruhusu kujilaza kwanza.

Ukichoka kujibiwa kila unapoamuru, Alexa ina hali ya majibu mafupi inayobadilisha maneno kuwa mlio mdogo, na ina hali ya kunong'ona inayomfanya akunong'oneze ukimnong'oneza. Ziwashe zote mbili kabla hujaweka spika chumbani kwa mtoto aliyelala.

Kitu kinachojirudia kila siku hakihitaji sauti. Taa za nje ziwekee ratiba ya machweo, ambayo hufuata jua lenyewe badala ya saa, mradi mahali ulipo pameandikwa kwa usahihi kwenye programu. Sauti ibaki kwa mambo yasiyotabirika: mikono yenye unga, mtoto mapajani, mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, mzee ambaye safari ya kwenda kwenye swichi gizani ndiyo hatari kubwa kuliko zote ndani ya nyumba.

Umeme au intaneti ikikatika

Balbu nyingi zimepangwa kiwandani kuwaka kwa ukali wote pindi umeme unaporudi. Sababu yake ni nzuri, kwani humwezesha mtu asiye na simu kupata mwanga kwa kubonyeza swichi ya ukutani mara mbili. Lakini umeme ukikatika saa nne usiku na kurudi saa tisa, nyumba nzima inang'aa kama ukumbi wa harusi na kila mtu yuko macho. Ingia kwenye mipangilio ya kila balbu, tafuta sehemu inayohusu hali yake umeme unaporudi, na uichague ile inayorudisha taa ilivyokuwa kabla ya kukatika. Balbu moja tu, labda ya ushoroba, iache iwake.

Intaneti ikikatika, sauti kwa kawaida hunyamaza, lakini taa nyingi za Matter na za Zigbee zitaendelea kutii programu ya simu iliyo ndani ya Wi-Fi ya nyumbani, na swichi za ukutani zitaendelea kufanya kazi. Kwa sababu hiyo, usiondoe wala kuziba swichi ya ngazi na ya choo. Kwingineko, tatizo kubwa huwa ni mgeni anayezima ukutani kwa mazoea na kuiacha balbu haina umeme. Kitufe kisichotumia waya, kinachobandikwa juu au kando ya swichi ya zamani, humpa mkono wake mahali pa kwenda bila kukata mawasiliano ya balbu.

Msomaji anayejali gharama ajue kwamba balbu janja iliyozimwa kwa sauti bado inasikiliza. Kwa kawaida hutumia nusu wati au chini ya hapo, ambayo kwa mwaka mzima haizidi yuniti nne na nusu kwa kila balbu. Kwa balbu mbili ni kitu kidogo. Kwa balbu arobaini, hesabu ifanywe kabla.

Sikio lililoko sebuleni

Spika inayongoja kuitwa huweza kudhani imeitwa. Mwaka 2017 tangazo la televisheni la Burger King nchini Marekani lilitamka kwa makusudi maneno ya kuamsha spika za Google, nazo zikaitikia majumbani mwa watu. Usiiweke spika yako kando ya televisheni, na kama wasaidizi wako wanakuruhusu kubadilisha neno la kuamsha, kama Alexa inavyoruhusu, chagua lile lisilofanana na jina la mtu yeyote wa nyumbani.

Usiiweke dirishani pia, kwa sababu ya kushangaza. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Electro-Communications cha Tokyo na wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba miale ya leza ikielekezwa kwenye maikrofoni ya spika inaweza kupokelewa kama sauti, na wakafaulu kutoa amri kutoka umbali wa zaidi ya mita mia. Uwezekano wa jirani yako kufanya hivyo ni mdogo mno. Lakini kama umeunganisha pia kufuli la mlango, kuisogeza spika nyuma ya pazia hakugharimu chochote, na amri ya kufungua mlango iwekewe namba ya siri.

Spika nyingi zina kitufe cha kuzima maikrofoni. Kwenye Echo ya Amazon taa huwa nyekundu, ili usijiulize kama imezimwa. Rekodi zako unaweza kuzifuta kwenye historia ile ile uliyoitumia kutafuta majina, au kuagiza zijifute zenyewe baada ya muda. Na unapompa mtu balbu uliyoitumia au unapohama na kuiacha, ifute kwenye akaunti zote mbili, ya mtengenezaji na ya msaidizi, kisha irudishe katika hali ya kiwandani, kwa sababu balbu iliyobaki kwenye akaunti yako huenda ikazimwa na wewe bila kujua ikiwa juu ya meza ya mtu mwingine.

Jaribio la mwisho

Mfumo ukishatulia kwa siku mbili tatu, mwite mtu wa nyumbani ambaye hakushiriki kuupanga. Msimamishe mlangoni mwa kila chumba, umwambie tu jina la kuamsha, kisha umwombe azime taa anayoiona bila kumfundisha aseme nini. Kaa kimya na kalamu mkononi. Atataja taa kwa jina linalomjia, na mara nyingi halitakuwa ulilolichagua. Programu inayokuruhusu kuongeza jina la pili kwa kifaa kile kile, itumie. Isiyoruhusu, weka taa hiyo kwenye kundi jipya lenye jina alilolisema, ilimradi historia inaonyesha linasikika sawasawa kila mara, kisha mrudishe mlangoni ajaribu tena.